Injini Mpya Inakula Oili, Halafu Unaambiwa "Itazoea"

Jumapili usiku, Igoma.

Najua niliahidi kuendelea na stori za maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Hizo zitasubiri. Leo kuna neno moja linanikereketa rohoni, nalo ni hili: "itazoea".

Neno hili utalisikia kwenye gereji nyingi za barabara ya Musoma, kuanzia Nyakato mpaka huku kwetu Igoma. Mtu kafanyiwa ovahoo, yaani injini imeshushwa, imefumuliwa, imewekwa ringi mpya, imefungwa na kuwashwa. Inanguruma vizuri, hela imelipwa, watu wamepeana mikono. Wiki ya pili anachomoa kijiti cha oili anakuta kikavu. Anarudi gereji. "Injini mpya hiyo mama, usiwe na wasiwasi. Ongeza tu, itazoea." Mwezi wa pili anarudi tena, moshi wa bluu unafuka mpaka pikipiki za nyuma zinahama njia. Sasa maneno yanabadilika: "Basi weka oili nzito." Mwezi wa tatu: "Hapa mama inabidi tushushe tena." Na hiyo kushusha tena ni kwa hela ya mama, si ya fundi.

Hoja yangu ni fupi. Injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo ikianza kula oili, kinachotakiwa kwanza ni kipimo, spana baadaye. Asiyepima hana haki ya kusema "itazoea", na hana haki ya kusema "tushushe". Yote mawili ni kubahatisha kwa hela ya mwenzako.

Nianze kwa kuwatendea haki mafundi, maana "itazoea" ina nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana inadanganya vizuri. Kila pistoni kwenye magari yetu haya ya petroli kwa kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yake kubwa ni kuzuia mgandamizo usivuje kwenda chini. Ya tatu ni ringi ya oili, inakwangua oili iliyobaki kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini. Ukuta wa silinda ukishatengenezwa unaachiwa michirizi midogo inayokatizana, mistari ikikutana kwa nyuzi kama 45 hadi 60. Michirizi hiyo inashika oili kidogo, na inazisaga ringi mpya kidogo mpaka zilale vizuri kwenye ukuta. Kipindi hicho injini inaweza kula oili zaidi ya kawaida. Hilo kweli.

Sasa nusu ya pili ambayo huambiwi. Kuzoea huko hufanyika mapema, sehemu kubwa katika kilometa mia chache za mwanzo, na hakuji kwa kusubiri. Kunakuja kwa gari kutembea likiwa na mzigo wa kiasi, mwendo ukipanda na kushuka. Kuiacha injini inaunguruma pale gereji kutwa nzima, eti ijizoeshe, kunaharibu: ringi hazipati msukumo wa kutosha, ukuta unang'arishwa kama kioo, na baada ya hapo ringi hazilali tena. Na kama silinda zilikuwa hazina hiyo michirizi tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyezipitisha kwenye jiwe, basi hakuna cha kuzoea. Utaongeza oili mpaka watoto wako wamalize chuo.

Kwa hiyo swali sahihi si "inakula?" Swali ni "inapungua kula?" Na hilo halijibiwi kwa macho wala kwa uzoefu wa miaka 20. Linajibiwa kwa kuandika.

Mama mdogo wangu ana Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S, anabeba nayo watoto wa shule kutoka Kishiri. Hela ya ovahoo aliichukua kwenye kikoba, na kikoba hakijui habari za kuzoea, kinajua Jumamosi ya marejesho. Nikiwa nyumbani likizo nikachukua kaunta buku, nikapiga mistari mitatu: tarehe, kilometa za dashibodi, oili iliyoongezwa. Gari linasimama sehemu ile ile tambarare, injini ikiwa ya moto, unazima, unasubiri dakika tano, unafuta kijiti, unapima. Mara ya kwanza lita moja ilikwisha kwa kilometa 410. Ya pili 395. Ya tatu 400.

Tazameni hizo namba. Hakuna kinachozoea hapo. Kama injini ingekuwa inajiweka sawa, lita ya tatu ingekwenda mbali kuliko ya kwanza. Watengenezaji wa magari huandika kiwango cha mwisho kwenye vitabu vyao, na kwenye vitabu vingi vya Toyota ni lita moja kwa kilometa 1,000, na hicho si cha kujivunia, ni cha mwisho kabisa. Noah hii ilikuwa inakula mara mbili na nusu ya hapo. Inabeba oili kama lita nne. Kwa kilometa kama 80 kwa siku, lita moja ilikuwa inakwisha kila wiki ya shule. Dereva akisahau kuangalia wiki mbili tu, nusu ya oili haipo, na hapo tunazungumzia beringi za kolokoloni kusagika na injini kugonga, labda njiani na watoto 12 ndani.

Gereji iliyofanya ile kazi (siitaji, wala si yenyewe peke yake) ilipoonyeshwa daftari ilisema mambo mawili: kwanza oili nzito, pili tushushe tena. Tuyachukue moja moja.

Oili nzito. Hii ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria panadol na kumwambia amepona kwa sababu joto limeshuka. Oili nzito inapita polepole kwenye upenyo, kwa hiyo moshi unaweza kupungua kwa muda. Upenyo uko pale pale. Tena asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito kupita kiasi inachelewa kufika juu kwenye kemushafti, na injini uliyoilipia juzi inaanza siku yake kwa kusagana chuma kwa chuma. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Tushushe tena. Tushushe tutafute nini? Hapo ndipo kozi yangu ya ualimu inanipandisha hasira. Darasani tunafundishwa upimaji na tathmini: mwanafunzi akifeli, humrudishi darasa kabla hujajua amefeli swali gani na kwa nini. Unaweza kumrudisha mwaka mzima kumbe tatizo lake haoni ubaoni. Injini inayokula oili ina njia chache tu za kuipoteza, na nyingi unaweza kuzitenganisha bila kuishusha.

Ya kwanza, inavuja au inaungua? Safisha injini, laza boksi chini ya gari usiku, asubuhi tazama. Sili ya nyuma ya kolokoloni ikifungwa vibaya, au gaskiti ya kifuniko cha juu, zinamwaga oili na hazitoi moshi wa maana. Kuna watu wamewekewa ringi mara mbili kwa ajili ya sili inayovuja.

Ya pili, oili imejazwa kiasi gani? Ikizidi alama ya juu, kolokoloni inaipiga kama mtu anayekoroga uji, inakuwa povu na kurushwa kwenye silinda kupita uwezo wa ringi. Hapo dawa ni kupunguza.

Ya tatu, bomba la kupumulia la injini. Kuna vali ndogo inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa ili uungue. Ikikwama wazi, inafyonza oili moja kwa moja. Ikiziba, msukumo unajaa chini na kusukuma oili kila penye upenyo. Ni kispea kidogo kuliko kiganja, na mara ngapi umemwona fundi wa ovahoo akikichomoa na kukitikisa?

Ya nne, moshi unatoka saa ngapi? Rangi tu haitoshi. Bluu ni oili, sawa, lakini oili imepita wapi? Ukitoka asubuhi ukiwasha kwa mara ya kwanza, likatoka wingu moja kisha likakata, mtuhumiwa ni sili za vali: usiku kucha oili imedondoka kupitia shina la vali mpaka silindani. Ukishuka mlima umeachia mafuta, halafu ukakanyaga na moshi ukalipuka, ni hao hao, kwa sababu mguu ukiwa juu mvuto wa hewa kwenye injini unakuwa mkubwa na kunyonya oili kupitia gaidi za vali. Ukiwa unapanda na mzigo na moshi unatoka mfululizo, hapo waangalie ringi na silinda.

Ya tano, plagi zinasema nini? Zichomoe zote nne, zipange kwa namba. Zote zikiwa zimelowa oili, kosa ni la wote: silinda hazikupitishwa jiwe, au lile bomba la kupumulia. Ikilowa moja au mbili, kosa liko kwenye silinda hizo, na huna sababu ya kuhukumu injini nzima.

Ya sita ndiyo geji ya kompresheni. Unapima silinda kavu, unaandika. Kisha unadondosha kijiko cha oili, unapima tena. Namba ikipanda sana, ringi zinavuja. Isipopanda na ilikuwa ndogo tangu mwanzo, angalia vali. Kuna na kipimo cha kusukuma hewa pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa, halafu unasikiliza inakotokea: kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, kwenye bomba la moshi ni vali ya kutolea, ukiona mapovu kwenye rejeta ni gaskiti ya hedi.

Hapa nisimame kidogo, maana wapo mafundi wenye geji na bado wanapotosha. Utasikia, "Kompresheni iko safi, kwa hiyo ringi hazina shida." Jamani! Kompresheni inashikiliwa hasa na zile ringi mbili za juu. Ringi ya oili haishiki kompresheni. Inaweza kuwa imefungwa vibaya, ncha za springi yake zimepandana badala ya kugusana, na geji ikasoma namba nzuri kabisa. Ringi ya pili nayo ikigeuzwa juu chini inakwangua oili kuipandisha badala ya kuishusha, na kompresheni bado ikaonekana ya kuridhisha. Sisi walimu watarajiwa tunaita hiyo habari ya uhalali wa kipimo: mtihani wa Hisabati haukuambii kama mtoto anajua kuandika insha. Geji inajibu swali ililoulizwa, na ringi ya oili haikuulizwa.

Ndiyo maana unahitaji mashahidi zaidi ya mmoja. Kwenye Noah, fundi wa pili, kijana mmoja mtaratibu mwenye geji yake ndani ya soksi, alifanya hayo yote kwa asubuhi moja. Hakuna kuvuja. Kompresheni za silinda nne zimekaribiana, na kijiko cha oili hakikuzipandisha. Plagi ya pili na ya tatu zimelowa. Moshi ni wa asubuhi na wa kushuka mlima, ukipanda na mzigo hauonekani. Mashahidi wakasema neno moja. Akafungua juu tu, bila kushusha kitu, akatoa sili za vali. Zilikuwa zile zile za zamani, ngumu kama plastiki ya ndoo, nyingine zimepasuka. Ovahoo nzima ililipiwa, ringi mpya zikawekwa, na sili 16 za vali zikaachwa vile vile! Na ringi mpya zikishaziba vizuri, mvuto silindani unaongezeka, kwa hiyo sili mbovu zinanyonya oili kuliko hata zamani. Kwa sasa lita moja inakwenda kilometa 1,900 na kitu, na daftari linaendelea. Kazi hiyo haikufika hata robo ya bei aliyotajiwa ya kushusha.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya vitabu, gereji ni gereji. Haya, tuwatazame walioziunda hizo injini. Toyota walikuwa na injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, iko kwenye RAV4, Harrier, Alphard na Estima nyingi zinazopita hapa mjini. Ilijulikana kwa kula oili. Mwaka 2011 Toyota kule Marekani walitoa waraka kwa mafundi wao namna ya kushughulikia malalamiko hayo. Hatua ya kwanza haikuwa kufungua. Gari linajazwa oili hadi alama, sehemu za oili zinawekewa alama ya lakiri, mwenye gari anaambiwa akatembee maili 1,200, yaani kama kilometa 1,930, arudi kupimwa. Ikionekana imepungua kupita kiwango, ndipo injini ifunguliwe. Kampuni iliyoichora pistoni yenyewe, inayoijua kwa jina la utoto, ilipima kwanza. Wewe wa chini ya mwembe unayejua kwa kusikiliza mlio, umeipita wapi?

Na waraka huo una somo la pili. Walibadilisha ringi pamoja na pistoni. Nyuma ya ringi ya oili pistoni ina njia ndogo za kurudisha oili chini. Zikiziba kwa masizi, oili haina pa kurudia, inabaki juu na kuungua. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zilizomo kwenye Allion na RAV4 za lita 1.8, zinajulikana kwa ugonjwa wa namna hiyo. Sasa ukimwekea mtu ringi mpya kwenye pistoni ile ile yenye matundu yaliyoziba, umefanya nini? Umepaka rangi mpya nyumba inayovuja bati.

Lakini nisiwabebeshe mafundi peke yao. Sisi wenye magari nasi tuna yetu. Tunaingia gereji na kauli yetu ya "fundi piga ringi tu, hela ni hii hapa, kesho nataka gari". Silinda iliyofanya kazi miaka mingi huliwa ikawa ya yai na pana juu kuliko chini. Ringi mpya ni duara. Duara kwenye yai haliwezi kuziba, hata lifungwe na fundi wa Toyota mwenyewe. Ilitakiwa kupimwa, na ikizidi kiwango ichongwe na kuwekewa pistoni za saizi kubwa. Hilo ni hela, na sisi hatutaki kulisikia. Fundi anajua tukiambiwa ukweli tutahamia gereji ya jirani inayosema "inawezekana". Halafu wengi wa mafundi hawa walijifunza kwa kusimama pembeni ya fundi mwingine wakimshikia spana, hakuna aliyewahi kuwawekea mkononi saa ya kupimia silinda. VETA wanafundisha ufundi magari, lakini anayetoka na cheti anashindana sokoni na anayesema "itazoea" kwa nusu bei, na sisi tunamchagua wa nusu bei.

Kwa hiyo siombi fundi yeyote afungiwe gereji. Naomba tubadilishe tunachokidai. Kabla ya ovahoo, dai vipimo vya silinda vilivyoandikwa kwenye karatasi: juu, katikati, chini. Dai kuona ukuta wa silinda kabla pistoni hazijarudi, utazame ile michirizi kwa macho yako. Dai sili za vali na vali ya kupumulia ziwe ndani ya bei, si nyongeza. Dai spea zote za zamani zirudishwe kwenye mfuko, ringi kwa sili. Na siku ya kuchukua gari, anzeni daftari wote wawili, wewe na fundi, kilometa zikiwa zimeandikwa na sahihi mbili zimewekwa. Fundi mzuri hataogopa daftari hilo, maana ndilo litakalomtetea siku mteja akipiga kelele bure kwenye kilometa 300.

Na ukifika kilometa 1,500 lita bado zinakwisha kwa kasi ile ile, usikubali tena neno "itazoea". Mwambie fundi, kwa heshima zote: shikamoo, nionyeshe namba.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na daftari lake. Kesho saa moja natakiwa niwe Malimbe na kutoka huku ni magari mawili, acha nilale.